Kupika mlo wa Kiayalandi kuanzia kwenye siagi: mkate wa magadi, viazi, mchuzi wa kondoo na chai

Ukimuuliza mtu Waayalandi wanakula nini, atakujibu: viazi. Jibu hilo linafaa kwa karne mbili tatu za karibuni. Kiazi kilifika Ayalandi kati ya mwisho wa karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17, na kabla ya hapo, kwa zaidi ya miaka elfu moja, watu wa kisiwa kile waliishi kwa ng'ombe. Mali ilihesabiwa kwa ng'ombe, faini zililipwa kwa ng'ombe, na kiangazi kizima chakula kilikuwa maziwa ya kila namna: mabichi, ya mgando, siagi, jibini laini na jibini ngumu. Kwa Kiayalandi vyakula hivyo viliitwa bánbhia, yaani vyakula vyeupe. Nyama ya ng'ombe ililiwa kwa nadra, maana jike alifugwa akamuliwe. Aliyekulia kwa wafugaji atalielewa hilo upesi.

Kwa hiyo anayetaka kupika mlo wa Kiayalandi ukatoka kama unavyotoka kwao asianzie kwenye viazi. Aanzie kwenye maziwa. Ukisuka siagi unapata vitu viwili kwa mpigo mmoja: siagi yenyewe, na yale maziwa membamba machachu yanayobaki baada ya siagi kujitenga. Siagi inakwenda kwenye viazi na mkate. Maziwa ya siagi ndiyo yanayoumua mkate, na yanayobaki yananyweka mezani. Mlo mzima umefungwa kwenye chombo hicho kimoja cha kusukia.

Kusuka siagi

Chukua lita 1 ya krimu yenye mafuta asilimia 35 au zaidi, isiyoongezwa sukari wala dawa ya kuifanya iwe nzito. Changanya na vijiko 3 vya chakula vya mtindi ulio hai, funika kwa kitambaa, acha mezani. Penye baridi itachukua saa 16 hadi 18. Dar es Salaam au Mombasa saa 8 zinatosha. Iko tayari ikiwa nzito na inanukia uchachu safi. Ikinukia uchungu au uvundo, itupe.

Sasa ipoze hadi nyuzi 14 au 16 za Selsiasi. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Siagi inajitenga kwa sababu chembe za mafuta zilizoganda nusu zinagongana na kushikamana. Krimu ikiwa ya moto, mafuta yameyeyuka, yanateleza tu, na utapata uji wa mafuta huku sehemu kubwa ikipotelea kwenye maziwa. Ikiwa baridi mno, chembe ni ngumu, hazishikani, utasuka saa nzima bila kitu. Kama huna kipimajoto, weka krimu kwenye friji saa mbili, kisha itoe ikae mezani kama dakika 20.

Mimina kwenye chupa ya mdomo mpana isijae zaidi ya nusu, funga, tikisa. Sikiliza sauti. Mwanzo inachapa kama maji. Kisha inanyamaza, kwa sababu krimu imeumuka na kujaza chupa; usikate tamaa hapo, endelea. Baada ya dakika 10 hadi 20 kwa jumla, ghafla inaanza kuchapa tena, na ukitazama utaona chembe za manjano kama punje za mchele zikielea kwenye maziwa membamba. Acha papo hapo. Ukiendelea, punje zinajibana kuwa bonge moja lililofumbata maziwa ndani, na hayo ndiyo yanayoichachisha siagi baada ya siku tatu.

Chuja kwa kitambaa. Hifadhi maziwa ya siagi, kama nusu lita; utayahitaji baada ya muda mfupi. Rudisha punje kwenye bakuli, mimina maji ya barafu, koroga taratibu, mwaga. Rudia mpaka maji yatoke safi, bila weupe wa maziwa, kwa kawaida mara tatu. Kandamiza kwa mwiko mpaka maji yaishe, kisha tia chumvi asilimia 2: gramu 8 kwa siagi ya gramu 400.

Katika nyumba za zamani za mashambani Ayalandi, mgeni aliyeingia watu wakisuka hakukaa kabla ya kushika mti wa kusukia na kuupiga mara kadhaa. Asiyeshika alidhaniwa anaondoka na baraka ya siagi. Tarehe 1 Mei hofu ilizidi: maziwa, moto na chumvi havikutoka nje ya nyumba siku hiyo, hata akiomba jirani mwema. Ukijua jinsi nyuzi mbili za joto zinavyoweza kuharibu kazi ya asubuhi nzima, na kipimajoto hakuna, utaona kwa nini watu walitafuta wa kumlaumu. Siagi hiyo ndiyo iliyolipa kodi ya shamba. Soko la siagi la mji wa Cork, lililoanza 1770, lilikua katika karne ya 19 likawa kubwa kuliko yote duniani. Kila kipipa kilipimwa, kikaonjwa na kupewa daraja kabla ya kupakiwa melini, na siagi yenye chumvi nyingi ilifika hadi visiwa vya Karibi. Mara nyingi mkulima aliuza siagi, akabaki kunywa maziwa yake membamba.

Mkate wa magadi

Mkate huu watu wanaudhania ni wa kale sana. Magadi soda yalianza kuenea Ayalandi miaka ya 1830, na yaliingia jikoni haraka kwa sababu mbili. Kwanza, ngano inayostawi kwenye mvua na ubaridi wa kule ni laini, ina protini kidogo, haivutiki vizuri kwa hamira. Pili, nyumba nyingi hazikuwa na tanuri. Zilikuwa na moto wa udongo mkavu wa kinamasi, na chungu cha chuma chenye miguu mitatu na mfuniko bapa, wanachokiita bastible. Unga uliingia chunguni, mfuniko ukawekwa, makaa yakapaliwa juu yake. Anayejua kupalia makaa juu na chini anajua tayari jinsi mkate huu unavyookwa.

Mahitaji ni haya: unga wa ngano gramu 450, magadi soda kijiko 1 cha chai kilichosawazishwa, chumvi kijiko 1 cha chai, na maziwa ya siagi mililita 350 hadi 400. Basi. Ukiona mapishi yenye mayai, sukari na siagi ndani ya unga, hiyo ni keki ya Jumapili.

Neno kuhusu kila kimoja. Magadi ninayosema hapa ni ule unga mweupe laini wa kwenye pakiti. Magadi ya mawe tunayopikia maharage hayafai: yana kemikali ya pili iliyo kali zaidi, na mkate utatoka rangi ya manjano wenye ladha ya sabuni. Unga wa chapati ulio mgumu utafanya mkate mzito. Kama ndio ulio nao, toa gramu 50 na weka kornflawa gramu 50 mahali pake. Ukitaka mkate wa rangi ya kahawia, nusu ya unga iwe ya atta ya ngano nzima, na ongeza maziwa kidogo maana pumba zinanyonya. Usipopata maziwa ya siagi, punguza makali ya mtindi au mala kwa maji: mililita 300 za mtindi kwa 100 za maji. Au changanya maziwa mabichi na maji ya ndimu, kijiko 1 cha chakula kwa mililita 250, usubiri dakika 10 yakatike. Maziwa matamu hayaumui kitu, kwa kuwa uchachu ndio unaoyafanya magadi yatoe hewa.

Washa tanuri kwanza, nyuzi 230, liwe la moto kabisa kabla hujagusa maziwa. Hewa inaanza kutoka sekunde ile maziwa yanapokutana na magadi, na ikitoka nje ya tanuri imepotea.

Chekecha unga, magadi na chumvi pamoja, mara mbili. Fanya shimo katikati, mimina maziwa karibu yote kwa mara moja. Tanua vidole vya mkono mmoja viwe vigumu kama makucha, zungusha kutoka katikati kwenda pembeni. Duara tatu nne, unga umeshashikana. Ukibaki unga mkavu chini ya bakuli, ongeza maziwa yaliyosalia. Unga uwe laini, unaonata kidogo, lakini usiwe chapachapa. Mwaga juu ya meza yenye unga, uviringishe kwa upole upande mmoja tu, ugeuze, upapase uwe duara la unene wa sentimita 4. Usikande. Mkono uliozoea chapati utataka kukanda, nao uzuiwe. Kukanda kunajenga nyuzi za ugumu zisizo na faida hapa, na kunatoa hewa.

Chukua kisu chenye makali, kata msalaba kutoka ukingo hadi ukingo, ushuke theluthi mbili za unene. Kisha dunga kila robo mara moja kwa ncha. Wazee wa kule wanasema msalaba ni baraka, na kile kidungo ni cha kuwatoa vibwengo wasiuharibu mkate. Kazi yake jikoni nayo iko wazi: joto linafika katikati, na mkate unagawanyika kwa mkono bila kisu.

Oka dakika 15 kwa nyuzi 230, shusha hadi 200, endelea dakika 25 hadi 30. Ugeuze, ugonge chini kwa kidole: sauti ya uwazi kama ngoma ndogo maana yake umeiva; sauti butu, urudishe dakika 5, kichwa chini. Kwenye mkaa, pasha sufuria nzito tupu kwanza, nyunyiza unga chini, weka mkate, funika, makaa machache chini na mengi juu. Fungua kutazama baada ya dakika 30, si kabla.

Kasoro na sababu zake: madoa ya manjano yanatokana na mabonge ya magadi yasiyochekechwa. Ladha ya sabuni ni magadi kuzidi au maziwa kutochacha vya kutosha. Ndani mbichi na nje pameungua, msalaba haukushuka chini au tanuri lilikuwa kali muda wote. Mzito kama tofali: umekandwa, au umekaa mezani ukisubiri. Ganda likiwa gumu mno kwa meno, funga mkate kwenye kitambaa safi ukiwa moto bado, mvuke utalilainisha.

Kaskazini, Ulster, hawapendi sana bonge hili. Wanaupapasa unga uwe wa unene wa sentimita moja na nusu, wanaukata vipande vinne, na kuviweka juu ya chuma bapa, kama tawa yetu, moto wa wastani, dakika 8 hadi 10 kila upande. Mwishoni wanavisimamisha kwa kingo ili pembe zilizokatwa nazo zikauke.

Viazi

Kenya na Uganda wengi huviita "Irish" mpaka leo, ingawa asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Ayalandi vilistawi kwa sababu ardhi yenye mvua na tindikali iliyokataa ngano ilivikubali, na kipande kidogo cha shamba kililisha nyumba nzima. Kufikia mwanzo wa karne ya 19, kibarua mtu mzima aliweza kula kilo 5 hadi 6 kwa siku. Pamoja na maziwa ya siagi, chakula hicho kilimpa mwili karibu kila ulichohitaji, na wageni waliotembelea nchi walishangaa kuona watu maskini wenye afya namna ile.

Ulaji wenyewe ulikuwa hivi. Chungu kilimwagwa maji, viazi vikamiminwa kwenye kikapu kipana cha vijiti kiitwacho sciob, maji yakachuruzika, kikapu kikawekwa juu ya mdomo wa chungu. Familia ilikizunguka. Kiazi kilimenywa kwa ukucha wa dole gumba, kikachovywa kwenye chumvi, kikasindikizwa na funda la maziwa machachu. Samaki aina ya heringi akiwepo, ilikuwa karamu.

Septemba 1845 ugonjwa wa ukungu, Phytophthora infestans, ulionekana mashambani. Maskini walipanda hasa aina moja, Lumper, iliyozaa sana kwenye udongo duni. Na kwa kuwa kiazi hupandwa kwa kiazi, mashamba yote yalikuwa kama mmea mmoja. Ulipougua mmoja, yaliugua yote. Sensa ya 1841 ilihesabu watu kama milioni 8.2, ya 1851 ilihesabu kama milioni 6.6. Karibu milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na zaidi ya milioni moja walihama. Wakati huohuo nafaka, siagi na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza, kwa kuwa ndivyo vilivyolipa kodi ya wenye ardhi. Serikali ya Robert Peel, waziri mkuu wa Uingereza, iliagiza mahindi kutoka Marekani. Yalikuwa mahindi magumu yasiyosagwa vizuri, na watu hawakujua kuyapika: waliyachemsha muda mfupi, wakaumwa matumbo vibaya, wakayabandika jina la "kiberiti cha Peel", kiberiti kwa maana ya salfa. Aliyekulia ugali anajua kosa lilikuwa wapi. Unga haukusagwa ukalainika, na moto haukupewa muda.

Hayo yakumbukwe unapopika colcannon, yaani viazi vilivyopondwa pamoja na mboga za majani, maana ni chakula cha nyumba zilezile. Jina linatokana na cál ceannann, kabichi yenye kichwa cheupe.

Unahitaji viazi kilo 1, sukuma wiki au kabichi gramu 250, vitunguu vya majani 5, maziwa mililita 200, siagi gramu 100, chumvi na pilipili manga. Viazi viwe vya unga, vile vinavyopasuka ngozi vikichemka. Kama huvijui sokoni, koroga kikombe 1 cha chumvi kwenye vikombe 11 vya maji, tumbukiza kiazi kibichi: cha unga huzama, cha nta huelea.

Vioshe, viache na maganda, vitie kwenye maji baridi yenye chumvi. Vikiiva nusu, baada ya dakika kama 15, mwaga maji mpaka yabaki sentimita 2, funika kwa kitambaa na mfuniko, punguza moto, vimalizike kwa mvuke dakika 15 hadi 20. Ndivyo vinavyobaki vikavu. Kiazi kilichomenywa na kuchemshwa vipandevipande hunywa maji, na hakuna siagi itakayokiokoa.

Wakati huo chemsha sukuma wiki iliyotolewa mishipa na kukatwa nyembamba, dakika 5 tu kwenye maji mengi ya chumvi, ikamue kwa nguvu. Chemsha maziwa pamoja na vitunguu vya majani dakika 3. Menya viazi vikiwa vya moto, shika kwa kitambaa, uviponde kwa mwiko au kiponda cha mkono. Mashine ya kusaga usiiguse: inapasua chembe za wanga na unabaki na gundi. Mimina maziwa yakiwa yanachemka, kwa kuwa maziwa baridi hufanya mabonge. Changanya na mboga na nusu ya siagi, onja chumvi.

Pakua kilima kwenye kila sahani, bonyeza shimo katikati kwa mgongo wa kijiko, weka siagi iliyobaki iyeyuke humo. Mlaji huchota kutoka ukingoni, anachovya kwenye kisima cha siagi, na mwenye adabu hauvunji ukuta mapema. Bila sukuma wiki, kwa vitunguu vya majani peke yake, chakula hiki ni champ ya Ulster.

Mchuzi wa kondoo

Kuchemsha nyama kwa maji ni kukongwe Ayalandi kuliko chungu cha chuma. Mashambani kuna vichuguu vingi vya mawe yaliyoungua, fulacht fiadh, vya Enzi ya Shaba hasa. Miaka ya 1950 mwanaakiolojia Michael J. O'Kelly alijaribu huko Ballyvourney, wilaya ya Cork: alijaza shimo maji ya lita kama 450, akatupa mawe ya moto, yakachemka ndani ya nusu saa hivi. Paja la kondoo la kilo 4.5, lililofungwa kwenye majani makavu, liliiva kwa saa 3 na dakika 40.

Wewe tumia sufuria. Shingo ya kondoo yenye mifupa kilo 1, viazi kilo 1, vitunguu maji gramu 500, maji lita 1, tawi la thaimu, chumvi vijiko 2 vya chai. Kondoo awe mkubwa, si mwanakondoo: zamani aliyechinjwa alikuwa jike aliyekwisha kazi ya sufu na uzazi, na ladha nzito ya mchuzi inatoka hapo. Mbuzi anafaa vizuri.

Siri iko kwenye viazi, viwe vya namna mbili. Gramu 400 za vile vya unga vikate vyembamba, vitande chini ya sufuria. Vitayeyuka na kuufanya mchuzi mzito bila unga wowote. Juu yake nyama isiyokaangwa, kisha vitunguu, thaimu, chumvi na maji baridi. Ukichemka, engua povu, punguza moto mpaka uso wa mchuzi utetemeke tu. Ukichemsha kwa fujo nyama inakakamaa. Baada ya saa 1 na dakika 15, panga juu gramu 600 za viazi vya nta vilivyokatwa nusu, funika, viive kwa mvuke dakika 45. Mbuzi mzee mwongezee nusu saa kabla ya kutia viazi hivyo.

Karoti zina ugomvi wake: wako wanaozitia na wako wanaoona ni uharibifu. Nyanya na binzari hazina ugomvi, ukitia umepika mchuzi wetu wa mbuzi, mtamu, lakini wa pwani nyingine. Na nyama ya ng'ombe ya chumvi inayoliwa Marekani siku ya Mtakatifu Patrick, 17 Machi, ni desturi ya wahamiaji waliopata New York brisketi, yaani nyama ya kidari, kwa bei rahisi kwa wauza nyama Wayahudi. Nyumbani nyama ya kawaida na kabichi ilikuwa ya nguruwe iliyotiwa chumvi.

Kinywaji cha mezani kilikuwa maziwa ya siagi. Bia nyeusi ya Dublin ina historia yake, tangu Arthur Guinness alipokodi kiwanda 1759 kwa miaka 9,000, pauni 45 kwa mwaka. Lakini mwaka 1838 padri Theobald Mathew alianzisha Cork kampeni ya kuacha pombe iliyoapisha mamilioni. Mlo huu haupungukiwi bila pombe.

Chai, na mkate wa Oktoba

Waayalandi ni miongoni mwa wanywaji wakubwa wa chai duniani kwa kila kichwa. Chai ilikuwa ya matajiri karne ya 18 na ikafika kwa maskini mwishoni mwa ya 19. Leo michanganyiko yao mingi ina majani ya Assam na ya Afrika Mashariki, hasa Kenya, kwa hiyo majani yaliyo kabatini kwako yanafaa bila kuagiza chochote. Haichemshwi na maziwa. Suuza buli kwa maji ya moto, mwaga. Kijiko 1 cha chai cha majani kwa kila mtu na kimoja cha buli. Maji yanayochemka, si yaliyochemka zamani. Funika dakika 5. Iwe nyeusi kiasi kwamba maziwa yakiingia inabaki rangi ya kahawia iliyokolea.

Mgeni akikaribishwa chai, hukataa. Mwenyeji anasisitiza, mgeni anakataa tena, mwenyeji anasisitiza, kisha mgeni anakubali "tone dogo tu". Ukikubali mara ya kwanza utaonekana una njaa. Ukiwa mwenyeji ukaacha kusisitiza, utaonekana bahili. Mizizi ya hili ni mirefu. Katika sheria za kale za Ayalandi alikuwepo mtu wa cheo aitwaye briugu, ambaye heshima yake yote ilisimama juu ya kumpokea kila apitaye njia. Akimfungia mtu mlango, cheo kiliondoka.

Usiku wa 31 Oktoba, sikukuu ya kale ya Samhain, mezani huwekwa bairín breac, mkate wenye madoadoa. Wa zamani ulitumia hamira. Wa chai ni mwepesi zaidi kwa nyumba isiyo na uzoefu. Loweka zabibu kavu gramu 350 kwenye mililita 300 za chai nzito iliyopoa, usiku kucha. Asubuhi usimwage chai iliyobaki: ndiyo maji ya mkate. Changanya na sukari ya kahawia gramu 150, yai 1, kijiko 1 cha chai cha mdalasini na kungumanga, kisha unga gramu 275 uliochekechwa na vijiko 2 vya chai vya bekingi pauda. Oka kwenye kopo la mkate lililotandazwa karatasi, nyuzi 165, saa 1 na robo hadi saa 1 na nusu. Ukipanda juu haraka na kupasuka, tanuri ni kali, funika karatasi.

Kabla ya kuoka hufichwa vitu: pete kwa atakayeoa au kuolewa mwaka huo, sarafu kwa utajiri, kipande cha kitambaa kwa ufukara, njegere kwa atakayebaki mseja. Ifunge pete kwenye karatasi ya kuokea mara mbili, na iwe kubwa kiasi kwamba mtoto hawezi kuimeza. Mkate ukae siku moja umefungwa kabla ya kukatwa, la sivyo utamomonyoka. Kata vipande vya sentimita moja na nusu, paka siagi yako nene bila kuionea huruma, na waambie wageni kuna pete kabla hawajauma.